Bi Chupa, Aliyeamsha Vimeng'enya Vilivyonyamaza

Marehemu, ambaye maabara nzima ilimwita Bi Chupa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Mama yetu alisema alizaliwa kimya, macho wazi, kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto.

Alisoma kuanzia 1959 hadi darasa la nane, 1966. Siku moja mwalimu alimkuta akikodolea macho tone la wino likitawanyika kwenye glasi ya maji.

"Wewe binti, uko wapi?"

"Nipo, mwalimu. Ila nilikuwa humo ndani."

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa kuosha vyombo katika maabara iliyochunguza fosfatesi, ukoo wa vimeng'enya vinavyobandua fosfati kwenye protini. Vimeng'enya vingine hubandika, hivi hubandua. Ndivyo seli inavyojua lini ikue na lini itulie. Mwaka 1974 vilinyamaza. Kwa miezi minne maji kwenye mirija hayakugeuka manjano, rangi inayoonyesha kwamba vinafanya kazi. Mkuu wa maabara alikata tamaa, akaamuru vyote vimwagwe. Bi Chupa akapiga moyo konde.

"Mzee, samahani. Mambo yaliharibika mwezi ule ule tulipobadilisha sabuni. Kwenye boksi wameandika ina fosfati."

Mkuu akalichukua boksi, akalisoma mwenyewe. Fosfati iliyobaki kwenye vioo ndiyo iliyokuwa ikivikaba vimeng'enya. Bi Chupa alisuuza upya kila mrija, siku mbili, peke yake. Siku ya tatu manjano ikapanda taratibu, na yeye akasimama akiitazama mpaka chai yake ikapoa. Mwaka uliofuata alipelekwa kusomea ufundi wa maabara. Alistaafu 2011 akiwa fundi mkuu.

Tarehe 18 Desemba 1976 aliolewa na fundi majokofu wa maabara.

"Humu mnaficha nini?" fundi aliuliza siku ya kwanza walipokutana.

"Vilivyolala. Vikipata joto vinakufa, kwa hiyo fanya haraka."

Alifanya haraka, kisha akarudi mara tatu kukagua friji lililokuwa zima kabisa.

Novemba 2022 ini lilianza kumsumbua. Alipoona kwenye majibu ya damu kwamba fosfatesi imepanda, kama hutokea ini likiugua, alicheka: "Kumbe mmenifuata mpaka huku!" Binti yake hakuweza kucheka.

"Mama, unaogopa?"

"Kidogo. Ni kama kusinzia garini, mwingine anaendesha."

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa tisa alasiri, dirisha likiwa wazi.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na mimi mdogo wake ninayesoma haya.

Pumzika, dada. Amani ikufunike.