Kompyuta Zilizogoma Kuamka

Benchi la pale kona, kati ya kinyozi na duka la kutengeneza redio, halina mwenyewe, ila kila mtu ana nafasi yake. Mchana huo Fundi alikuja akakaa kando ya baba yake, akapokea kikombe cha kahawa, akakishika tu bila kunywa. Baba yake, dereva mstaafu waliyempachika jina la Breki, akamtupia jicho la pembeni. Yeye ndiye aliyemwendea mkuu wa chuo cha ushonaji akamwambia, "Mwanangu atazifufua." Zilikuwa kompyuta za zamani, chuo kimepewa bure ili wanafunzi wachoree mitindo. Mkuu alishasema: zisipofanya kazi leo, kesho zinakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

— Bado?

— Bado, baba. Hazina pa kuingizia CD, wala hazikubali kuanzia kwenye flashi. Nataka zivute mfumo mpya kwa waya, kutoka kwenye laptop yangu. Kompyuta inawaka, inaomba anwani ya mtandao, inapewa. Halafu inauliza faili la kuanzia liko wapi. Kimya. Inakata tamaa.

— Zimelala sana hizo, akasema Breki. Gari likikaa muda mrefu unalisukuma kwanza.

— Nisukume kompyuta, baba?

— Kidogo tu.

Antena, mwenye duka la redio, akakohoa.

— Waya umepita wapi?

— Ukutani, karibu na bomba la maji.

— Ndiyo hapo sasa. Kelele za maji zinameza maneno. Anwani ni fupi, inapita. Faili ni refu, linakatikia njiani.

Kinyozi akatoa kichwa mlangoni kwake.

— Zimetoka wapi hizo?

— Kwa wasanifu majengo.

— Basi zina maringo. Zimezoea kuchora maghorofa, leo unaziambia gauni. Mimi nina mashine niliyoinunua kwa kinyozi wa matajiri, mpaka leo kichwa cha mlalahoi inakikwaruza.

Fundi akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Alijua hawajui, na wao walijua kwamba amejua. Lakini hakuna aliyetaka anywe kahawa ile peke yake.

Hapo akafika shangazi yake, dada wa Breki, kumwita kaka yake akale.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Mbona umejikunja hivyo?

Akaelezwa yote upya, mpaka bomba na maringo. Alisikiliza akiwa amesimama.

— Umesema inapewa anwani. Inapewa na nani?

Breki akamtazama Antena, Antena akamtazama Kinyozi. Siku nzima Fundi aliamini kuwa laptop yake ndiyo inayojibu. Hakuwa ameangalia.

Akamwachia baba yake kikombe, akaondoka mbio mbio.

Ofisini kwa mkuu kulikuwa na kisanduku cha intaneti, kimechomekwa kwenye mtandao uleule. Kilikuwa kinawahi kujibu kabla ya laptop, kinatoa anwani. Habari za faili hakina. Akakichomoa, akarudi darasani, akawasha kompyuta ya kwanza. Ikaomba anwani, safari hii ikapewa na laptop. Ikauliza faili, ikajibiwa. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo.

Alipogeuka, kijiwe kizima kilikuwa kimejazana mlangoni. Breki akaingia polepole, akaiwekea ile kompyuta kiganja mgongoni, kama mtu anayemshika mgonjwa aliyeanza kutembea.

— Taratibu, akaiambia. Hakuna anayekukimbiza.