Mzee Aliyesimamisha Wimbo

Kwenye gari la Kosele, msichana mbele yangu alikuwa anacheza kwa simu albamu iliyorekodiwa jukwaani, tamasha la wanamuziki wanawake lilipopitia Migori. "Wimbo ni mtamu," akamwambia mama aliyeketi naye, "lakini huyu mzee anausimamisha kwa pakruok, yale majigambo ya katikati ya muziki, amsifu bibi yake. Si wangemkata tu?"

"Huyo ni mzee wangu," mama akasema. "Miaka thelathini na moja, amenisifu siku hiyo peke yake."

"Woi, pole mama. Lakini ameuharibu."

"Hebu rudisha."

Msichana akarudisha. "Mimi naitwa mtu kwa sababu ya Dorah!" simu ikanguruma.

Gari likasimama. Mzee aliyekuwa kimya dirishani safari nzima akabeba kikapu cha mama. "Dorah, tushuke," akasema, kwa sauti ile ile.