Kornel Wilibrodi, Mpiga Picha wa Jangwa la Bondeni

Padre, wazee wetu, majirani wa Pito, na ninyi wageni mliopanda kutoka bondeni na mliosafiri kutoka Mbeya: tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 5 Novemba 1983, ni Kornel, mtoto wa kwanza wa Wilibrodi na Fransiska. Alizaliwa hapa Pito tarehe 16 Septemba 1936, sikukuu ya Mtakatifu Kornelio, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kumtafutia jina. Nyuma yake alizaliwa dada yake mmoja, Marsiana.

Baba yao alikuwa mkulima wa ulezi na mwenye baiskeli, jambo ambalo siku hizo lilimpa mtu heshima ya peke yake. Kila kiangazi alishuka mteremko mkali wa Lyamba lya Mfipa hadi bondeni, akalala Milepa kwa dada yake Kristiana, kisha alfajiri akakata jangwa kwenda kubadilisha tumbaku kwa chumvi na samaki wakavu. Jangwa ndilo jina walilolipa watu wa huko lile eneo tupu ambalo ziwa la bondeni huliacha linaporudi nyuma: udongo mgumu wenye ukoko mweupe wa magadi, hauna mti, hauna jiwe. Mwezi Agosti 1949 Wilibrodi aliondoka kwa dada yake kabla jua halijachomoza. Mchana ukavuma upepo, vumbi jeupe likasimama kama ukuta. Hakufika alikokuwa anakwenda, na hakurudi.

Walimtafuta hadi mvua zilipoanza. Baadaye yakaja maneno. Mmoja alisema Wilibrodi yuko Ndola kwenye migodi ya shaba. Mwingine akaongeza kwamba amenenepa, ana mke wa huko na saa ya mkononi. Maneno hayo yalimweka Mama Fransiska mahali pagumu. Hakuwa mke, maana mume hayupo. Hakuwa mjane, maana hakuna kaburi. Padre hakuweza kusoma misa ya marehemu. Wanawake wenzake waliacha kuzungumza alipofika kisimani. Kornel, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, aliyaona yote hayo.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1954. Alikuwa na mwandiko mzuri, na bruda mmoja aliyekuwa anapigia misheni picha akamchukua amsaidie kusafisha filamu katika chumba cha giza. Siku moja bruda alimtoa uani saa sita mchana, akamwambia apige picha ya ardhi iliyofagiliwa. Jioni akamrudisha palepale.

“Umeona nini?” bruda aliuliza picha mbili zilipokauka.

“Hii ya mchana haina kitu. Hii ya jioni ina nyayo za kuku.”

“Kuku alipita asubuhi. Jua la utosini linafuta kila kitu. Jua likilala chini, hata unyayo wa kuku una kivuli.”

Kornel hakulala vizuri kwa siku nyingi baada ya hapo. Alikuwa amefahamu kitu ambacho hakutaka kukifahamu: kwamba hata kule jangwani baba yake anaweza kuonekana.

Mwaka 1962 alifungua studio yake mjini Sumbawanga, karibu na soko. Wengi wenu mliopo hapa mlipigwa picha mle ndani, za ubatizo, za ndoa na za vitambulisho. Studio ilikuwa na koti moja jeusi na tai moja, kwa matumizi ya kila mteja. Mtu akipitia vitambulisho vya enzi zile atadhani wanaume wote wa Sumbawanga walishonewa nguo na fundi mmoja. Siku moja walifika mabwana harusi wawili kwa wakati mmoja. Kornel alimvisha wa kwanza, akampiga picha, akamvua, akamvisha wa pili koti likiwa bado na joto, na ndoa zote mbili, tunashukuru, zipo hadi leo.

Katika studio hiyo ndipo alipokutana na Tusekile, muuguzi, binti wa karani aliyehamishiwa huku kutoka Tukuyu. Alikuja kupiga picha ya kitambulisho, akachelewa kuondoka kwa sababu ya picha zilizokuwa ukutani. Zote zilikuwa za jangwa. Jua likichomoza, jua likizama, ardhi imejaa mistari ya vivuli kama nguo iliyokunjwa, na kwa mbali mlima.

“Watu wako wamekwenda wapi?” aliuliza Tusekile.

“Watu gani?”

“Umepiga nchi nzima na hukumpiga mtu hata mmoja.”

Kornel alijifanya anatafuta kifuniko cha kamera. Walifunga ndoa tarehe 24 Julai 1965, na usiku wa kwanza katika nyumba yao alimjibu swali lile: alikuwa anamtafuta baba yake. Alimweleza pia masharti: Mama asijue. Kama Wilibrodi alikuwa hai Ndola, Mama angeaibika mara ya pili. Kama alikuwa amekufa jangwani na asipatikane, angempoteza mara ya pili.

Kila kiangazi, ziwa liliporudi nyuma, alifunga studio kwa juma moja au mawili akashuka Milepa kwa Shangazi Kristiana. Aliondoka kungali giza na kamera, stendi yake ya miguu mitatu na kibuyu cha maji. Jioni ilimlazimu kwenda mbali zaidi, maana ukiwa karibu na mlima jua huwahi kujificha nyuma yake. Alimweleza mkewe kwamba hofu ilimwanzia miguuni. Ukoko ulilia kila alipokanyaga, na kila ulipolia alisimama. Upepo mdogo tu ukianza, aliishika stendi kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mlango. Alipiga picha mbili au tatu, hakuzidisha, filamu ilikuwa adimu. Kisha alirudi karibu akikimbia, akisema Salamu Maria kwa sauti. Na nyumbani, picha zilipoanza kujitokeza ndani ya dawa, alizitazama upesi upesi, akazitundika. Alikuwa anaogopa kutokiona kile anachokitafuta, na alikuwa anaogopa zaidi kukiona.

Ikafika Septemba 1974. Vijiji vipya vilikuwa vinaanzishwa bondeni, watu wanahamishwa, na mikutanoni tulionywa juu ya mamluki na vibaraka. Wakazi wapya, wasiomjua Kornel, walimwona mtu peke yake jangwani alfajiri na machweo, akiinamia chombo chenye miguu mitatu. Walitoa taarifa, na hatuwalaumu. Mgambo wawili walimkamata jioni akirudi Milepa. Kesho yake walimpandisha Sumbawanga, wakabeba picha zote zilizokuwa studioni, za ukutani na za makabatini.

Afisa mmoja, jina lake familia haijapata kulijua, alizipanga picha mezani na kumhoji.

“Nani anakulipa?”

“Hakuna, afande.”

“Picha za miaka kumi na zaidi. Mahali hapana nyumba, hapana ng'ombe, hapana mtu. Nani anapiga picha ya mahali pasipo na kitu?”

“Napenda jua, afande.”

“Unapenda jua.” Afisa alimtazama. “Una watoto?”

“Watatu.”

“Basi wafikirie, halafu unijibu tena.”

Tusekile alipopeleka chakula kituoni alizuiwa mlangoni. Alirudi nyumbani, akafunga madirisha, akawaambia watoto baba amekwenda kazini Kirando. Gari likipita mtaani, walimwona mama yao anaacha kupumua mpaka lipite.

Siku ya tatu afisa aliacha kuuliza maswali. Alikuwa na picha mbili mkononi, moja ya asubuhi na moja ya jioni, zilizopigwa miaka tofauti, zote zikielekea pengo lilelile la mlima. Akaziweka mbele ya Kornel, akagusa ya kwanza kwa kidole.

“Hapa kivuli kimelala upande wa mlima. Hapa kimelala upande wa ziwa. Mahali ni palepale. Kuna kitu kimefukiwa, ndugu. Redio au silaha?”

Kornel alitazama. Picha zile alikuwa nazo mwenyewe, na hakuwahi kuthubutu kuziweka pamoja. Akazisukuma mbali upesi, na afisa akaona huko ni kukiri.

Wakashuka naye bondeni kwa Landrova siku hiyohiyo, na mgambo wawili wenye bunduki na sepetu moja. Walifika jangwani jua likiwa kali. Walizunguka eneo lile, gari likichora duara juu ya duara, na hawakuona kitu. Nchi yote ilikuwa nyeupe na tambarare kama sahani.

“Unatuchezea,” alisema afisa, akafungua mlango. “Shuka.”

Kornel alishuka. Alimsimulia mkewe kwamba wakati ule alijua watamwacha huko, na kwamba watu watasema amekimbilia Ndola. Hata hivyo akasema, “Afande, subiri jua lishuke.”

“Ili iweje?”

“Sasa hivi halionyeshi kitu.”

Wakangoja kando ya gari. Jua likateremka kuelekea mlimani, na ardhi ikaanza kubadilika. Mistari ikatokea mahali palipokuwa patupu, ikarefuka. Kisha, si mbali na waliposimama, likaonekana tuta dogo, halizidi kiganja kwa kimo, na kivuli chake kimenyooka kama mwili wa mtu aliyelala.

Afisa alimtupia sepetu. “Chimba.”

Alichimba huku mtutu ukimwelekea mgongoni, na hakujua kama anafukua au anajichimbia. Sepetu ikagonga chuma. Mgambo mmoja akaikoki bunduki. Kornel akapiga magoti, akafuta udongo kwa mikono, ukatokea usukani wa baiskeli. Akaendelea kufuta hadi kwenye pedali. Ya kushoto haikuwa ya dukani. Ilikuwa ya chuma kilichofuliwa na mhunzi wa hapa Pito, na yeye Kornel, akiwa mtoto, ndiye aliyevuta mivukuto siku ilipofuliwa. Chini ya baiskeli kulikuwa na mifupa, imejikunja, ikiwa imeupa mgongo upande ule upepo unakotokea.

“Ni nani huyu?” aliuliza afisa.

“Ni baba yangu.”

Afisa alivua kofia. Kisha akasema, “Kwa nini hukusema?”

“Ningesema nini, afande? Na nani angeamini?”

Hakuna aliyemwomba Kornel radhi. Lakini afisa alitandua turubai la gari lake mwenyewe, wakaizungushia mifupa, na Wilibrodi akarudi Pito kwa gari lilelile lililomshusha mwanawe akiwa mahabusu. Mama Fransiska aliwakuta uani. Aliigusa pedali, akainuka bila kulia, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa nguo nyeusi. Padre alisoma misa tarehe 28 Septemba 1974. Wale waliomwona Wilibrodi Ndola walikuja mazikoni, wakakaa nyuma.

Tungependa kusema kwamba tangu siku hiyo Kornel alikaa kwa raha, lakini hatutaki kusema uongo mbele ya jeneza lake. Picha alirudishiwa chache. Kwa miaka mingi, gari likisimama mbele ya studio, mikono yake ilikuwa inashindwa kufunga filamu, na mteja alilazimika kungoja. Jangwani aliendelea kwenda, ingawa hakukuwa tena na cha kutafuta. Tusekile alipomuuliza sababu, alisema sasa ndiyo anaona kwamba ni pazuri, na anaogopa asije akafa bila kupatazama. Mwaka 1979 alimchukua akamsimamisha katikati ya ile nchi nyeupe jua likichomoza. Tusekile alikuwa anasikia baridi na amekasirika, naye akampiga picha. Picha hiyo ipo nyumbani. Mtakaofika baada ya maziko mtaiona.

Mwanzoni mwa mwaka huu alianza kukohoa na kukosa pumzi. Alitibiwa hospitalini Sumbawanga mwezi Machi, akapata nafuu, akafungua studio tena. Mwezi Septemba hali ilibadilika, akalazwa. Wauguzi, wengi wao wenzake Tusekile, walimhudumia kama ndugu, na familia inawashukuru sana. Aliogopa kifo, na hakuficha. Alimwomba padre aje kila siku, na padre alikuja. Alhamisi tarehe 3 Novemba, asubuhi, aliomba anyanyuliwe akae. Mama yake alikuwa amemshika mkono wa kulia, mkewe wa kushoto. Alisema, “Msiniachie,” na hawakumwachia. Alifariki akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Fransiska. Mjane wake, Tusekile. Watoto watatu, Josefina, Suma na Nikodemo. Dada yake Marsiana na shemeji yake. Na Shangazi Kristiana wa Milepa, ambaye miguu haikumruhusu kupanda mlima kuja leo.

Mama Fransiska alisikiliza maneno haya jana yaliposomwa nyumbani. Hakupunguza kitu. Ameomba tu liongezwe jambo moja, nasi tunaliongeza kama alivyolitamka: “Msije mkadhani mwanangu alikuwa shujaa. Alikuwa mwoga. Tangu mdogo alilala amenishika nguo. Hayo yote mliyosoma aliyafanya akiwa anaogopa.”

Bwana ampokee Kornel, naye apate kupumzika.