Mama Bado Aaga Dawati la Wapangaji

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, mpokea simu wa dawati letu la wapangaji anastaafu rasmi. Jina lake kamili litakuwa kwenye cheti atakachokabidhiwa. Humu ofisini na katika majengo yote tunayoyasimamia anaitwa Mama Bado, na asiyelijua jina hilo basi bomba lake halijawahi kuvuja.

Alianza kazi chumba cha nyuma, akigawa funguo. Baadaye akahamishiwa kwenye simu kwa sababu alikuwa na sauti ya kumtuliza hata mtu aliyefurikiwa na maji jikoni. Pamoja na simu akakabidhiwa neno la kazi: linashughulikiwa. Sisi wa zamani tunalijua vizuri. Kitasa kimeng'oka, linashughulikiwa. Dari inavuja, linashughulikiwa. Neno lenyewe halimtaji anayeshughulikia wala halisemi lini, na mwenye majengo alilipendea hilohilo. Wapangaji walipigwa kalenda mpaka wakachoka kupiga simu, nayo ofisi ikajipongeza kwamba malalamiko yamepungua.

Yeye neno hilo lilimkwama kooni. Akaanza kujibu kwa lake. Bado, fundi hajaambiwa. Bado, vipuri havijaagizwa. Bado, na mwezi huu usitegemee. Mwanzoni wapangaji walidhani anawafanyia jeuri. Kisha wakagundua kwamba akisema fundi atakuja kesho, kesho fundi yuko mlangoni na mfuko wake wa vifaa, wakaanza kuomba wapewe yeye tu kwenye simu. Wenzake tulinuna kidogo, kusema kweli.

Mwaka ule lifti ya jengo refu ilipokufa, alipiga simu mama mjamzito wa ghorofa ya saba. Siku zake zilikuwa zimekaribia, mumewe yuko safarini, na ofisi ilikuwa imemwambia mara kadhaa kwamba lifti inashughulikiwa. Kwa hiyo akawa anaingoja. Sote tulimsikia Mama Bado akimjibu: "Mwanangu, hiyo lifti usiingoje. Hata mota yake haijaagizwa. Funga kibegi chako leo, shuka ngazi polepole ukiwa bado na nguvu, uende kwa mama yako." Akashuka. Mtoto alizaliwa salama wiki hiyohiyo, lifti ikiwa imelala vilevile.

Habari zikaenea jengo zima na wapangaji wakaja juu. Meneja wetu, aliyekuwa mgeni kazini, akamwita Mama Bado ofisini kwake. Akamwambia amelichafua jina la kampuni, na kwamba akilisikia tena hilo "bado" lake kwenye simu, akatafute kazi kwingine. Mama alikuwa na watoto watatu shuleni na hakuwa na kipato kingine. Alirudi kitini macho mekundu, akajifuta kwa ncha ya mtandio, na simu ikalia. Tuliacha kazi zote kumsikiliza. Bado, akasema.

Kilichomwokoa ni pampu. Meneja naye alikuwa akiishi katika moja ya nyumba zetu, na maji yakakatika huko. Kwa kuona haya kujitaja, akapiga simu kama mpangaji wa kawaida, sauti ameibana puani. Akaelezwa kwa upole kwamba bado, ndugu yangu, pampu haijanunuliwa kwa sababu meneja hajaidhinisha, na kwamba ingefaa atafute ndoo kubwa. Mama Bado anaapa kwamba hakumtambua. Sisi tuliokaa naye karibu tuna mawazo yetu. Meneja alioga kwa ndoo siku mbili tatu, akaidhinisha pampu, akaidhinisha na mota ya lifti, na habari za kumfukuza mtu hazikusikika tena. Ndiye atakayemkabidhi cheti siku ya hafla, na ametuomba kisa hiki tukiandike chote.

Tusidanganyane, matengenezo yetu hayajawa ya kasi. Lakini kwa ajili yake kuna watu waliohamisha vitanda kabla ya mvua, na waliomleta fundi wao badala ya kuishi kwa matumaini. Wapangaji wanamshukuru kwa hilo, na sisi tunamshukuru zaidi, kwa kuwa alitutoa katika kazi ya kudanganya watu kwa sauti nzuri.

Mwezi ujao anahamia katika mojawapo ya majengo yetu. Amechagua ghorofa ya chini, maana lifti zetu anazijua.

Mama Bado, tunakupenda na tutakukumbuka sana. Tunakutakia maisha mema, afya, na usingizi usiokatizwa na mlio wa simu. Kitu kikiharibika huko kwako, usione haya kutupigia. Fundi akiwepo tutamtuma. Asipokuwepo tutakwambia hayupo, usije ukakaa dirishani kumngoja.