Kahawa ya Abu Rafid Ingali Mezani

Tarehe 30 Juni, Bwana Hikmat al-Samawi anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika Ofisi ya Waandishi wa Sheria, Baghdad. Sisi humwita Abu Rafid. Ametuandikia sheria za mito, za mitende na za mikopo. Hata kadi ya harusi ya bintiye aliigawa vifungu.

Mwaka 2005, mabomu yakilia, aliteuliwa kuandika rasimu ya katiba mpya. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa. Wanajeshi hawa wa kigeni walikuja na vifaru, mwenyeji akazidi kuugua, kisha wakahimiza katiba iive upesi. Abu Rafid aling'ang'ania ibara moja tu: serikali iwatafute waliotoweka na iwaambie jamaa zao ukweli. Kaka yake, Ghazwan, alichukuliwa mlangoni na utawala uliopita akiwa amevaa kandambili. Hakuonekana tena.

Ibara ikafutwa. Abu Rafid akamwendea mshauri wa kigeni aliyeshika kalamu. Alipopewa kahawa, alifanya kama afanyavyo muungwana yeyote wa kwetu mwenye haja: alikiweka kikombe chini bila kukigusa, akangoja mwenyeji amuulize anataka nini. Kahawa hainywewi mpaka haja ikubaliwe.

"Imepoa, mzee wangu?" mshauri aliuliza. "Ngoja uletewe ya moto."

Ikaja ya pili. Ikaja na sukari. Kisha mshauri akatazama saa, akamshukuru kwa kuja.

Tulimlaumu kwa nini hakusema wazi. "Nimpigie mgeni magoti sebuleni kwangu mwenyewe, katika nchi yangu?" alitufokea. Namkasirikia yule mshauri hadi leo, na Abu Rafid namkasirikia kidogo.

Tangu siku hiyo hajanywa kahawa ofisini. Wakurugenzi wapya hudhani ni shinikizo la damu. Kila muswada uliopita mikononi mwake aliupenyezea ibara ile, hata ule wa mitende, nayo ikarudi imekatwa. Mama yao, yeye na Ghazwan, alifariki mwaka juzi. Mlango wake hakuwahi kuutia komeo.

Abu Rafid, kwenye sherehe kutakuwa na vileja vya tende, na kahawa tutakumiminia. Tunajua utakiweka kikombe chini. Safari hii wenyeji ni sisi, desturi tunaijua, na bado ibara yako haijapita.

Asante kwa kutufundisha kazi. Tunakutakia uzee wenye afya na, siku moja, habari za Ghazwan.