Kanisa Letu Lilianzia kwa Wakoma

Jina la Bwana na lisifiwe, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Wageni wetu mliotoka Matuga na Lunga Lunga, karibuni sana. Mimi ni mama Mbeyu. Mchungaji Elija ameniomba niwaeleze jinsi kanisa hili lilivyoanza, maana wengi wenu mmelikuta lina kuta za mawe na paa la mabati, nanyi mwadhani lilizaliwa hivyo. Jana nilimwuliza, "Mwanangu, niyaseme yote?" Akanijibu, "Yote, mama. Na langu usinifichie." Basi nitayasema.

Mimi nilizaliwa kule ndani kwenye ukame, ng'ambo ya Kinango. Niliolewa ningali msichana, nikamzaa binti yangu Mbeyu. Alipoanza kutambaa niliona baka mkononi mwangu, limepauka. Nilidhani ni joto. Siku moja nikaepua chungu jikoni, mkono ukaungua, wala sikusikia kitu. Mama mkwe wangu alilitazama lile lengelenge, akaenda kumwita mwanawe. Nikapelekwa kwa waganga, ngoma za pepo zikapigwa, mbuzi wakachinjwa, na baka likazidi kuenea. Mwishowe mume wangu alinileta Msambweni, penye wagonjwa wa ukoma. Aliweka kifurushi changu chini, akaenda zake bila kunipa mkono. Mbeyu alibaki kwa bibi yake. Nilikuwa bado namnyonyesha, ndugu zangu. Maziwa yalinivuja kifuani mpaka yakakauka yenyewe.

Nilikata tamaa. Nilipewa vidonge nikavitupa, maana niliona kupona ni kwa mtu mwenye pa kurudi. Sikusema na yeyote.

Miongoni mwa wagonjwa alikuwapo Mduruma mwenzangu, Mzee Mwero. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha, na mguu mmoja aliuburura. Alikuwa ameokoka zamani. Kila asubuhi alibisha hodi kwangu, akaketi nje karibu na mlango, akanisalimu kwa lugha ya nyumbani. Habari za ugonjwa hakuniuliza. Aliimba wimbo mmoja, akaondoka. Ikawa siku moja nilichoka naye. Nikamwambia kwa ukali kwamba Mungu wake kama angekuwa na nguvu, angemrudishia vidole kwanza.

Mzee akacheka kidogo. "Vidole sikumwomba, mwanangu," alisema. "Nilimwomba mtu wa kuketi naye. Akanileta hapa kwako."

Ndugu zangu, pale ndipo nilipovunjika. Nililia kilio ambacho sikukilia hata siku niliyoachwa. Alipoinuka nikamfuata mpaka kwenye kibanda cha makuti, na humo wagonjwa wachache walikuwa wakiomba. Nikampa Yesu maisha yangu mbele yao. Kuanzia siku hiyo vidonge nilivimeza, na Bwana akavibariki. Kile kibanda ndicho kanisa hili. Lilianza na sisi, watu ambao hata sokoni tulinyoshewa vitu kwa mbali.

Nilipoambiwa nimepona, bendera ya uhuru ilikuwa imekwisha kupandishwa. Mume wangu alikuwa ameoa mke mwingine. Lakini mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alimleta Mbeyu mwenyewe kwa mkono wake. Mtoto aliponiona alijificha nyuma ya kanga ya bibi. Ilipita miaka kabla hajaniita mama kwa moyo wake. Leo ameketi pale mbele na watoto wake, nami nashukuru. Lakini ule utoto wake ulinipita, na haurudi.

Miaka ile watu wengi walikuja kutoka bara kukata miwa. Walipita karibu na kibanda, wakasikia Mzee Mwero akiimba, wakaingia. Wakaja walimu, wakaja na watu wa hapa hapa. Jirani yetu Mwislamu akatupa kiwanja hiki cha kando ya barabara, akisema nyumba ya kuombea Mungu haina hasara kwa jirani. Mungu amjazi kheri. Tukajenga kwa udongo na fito. Kisha tukampata mchungaji, huyu Elija, wakati huo kijana wa kutoka Taita. Watu wakajaa mpaka madirishani.

Hapo ndipo palipotokea jambo ninalolionea haya mpaka leo. Katika Meza ya Bwana tulikuwa tukinywa kikombe kimoja. Waumini wapya wakaanza kunong'ona kwamba hawawezi kunywa baada ya wakoma. Tulikuwa tumepona, na hospitali ilisema hivyo, lakini hofu haina masikio. Jumapili moja wazee wa kanisa wakatuweka nyuma, wakatuletea kikombe chetu peke yetu. Mzee Mwero alikitazama, akakirudisha.

"Meza ni ya Bwana," alisema. "Mimi sina neno nanyi."

Akatoka. Nami nikamfuata. Alirudi kwenye kile kibanda chetu cha kwanza cha makuti, na hapo ndipo aliposali mpaka homa ilipomchukua, kabla ya mvua za masika. Hakuna mtu wa kanisa hili aliyekwenda kumwomba radhi akiwa hai. Walikuwa wakisema wataenda.

Baada ya mazishi Mchungaji Elija alikuja kwangu. Alisimama uani, macho chini. "Mama," aliniambia, "niliogopa watu wataondoka. Nikaacha aondoke yeye."

Ndugu zangu, ukoma ulikuwa umenitoka, lakini siku hiyo nilikuwa na uchungu mbaya kuliko ukoma. Nilitaka kumfukuza. Nilifungua kinywa kumfukuza, na neno halikutoka. Likatoka jina la Bwana. Nikamwekea kigoda, tukalia sote wawili. Ule uchungu uliniachilia pale pale, na Jumapili iliyofuata alisimama madhabahuni, akaungama mbele ya wote, akaninywesha kwanza, kisha akanywa yeye, na watu wote wakanywa. Kwa hiyo nasema Bwana amenifungua mara mbili.

Namshukuru Mungu kwa nyumba hii ya mawe. Lakini laiti Mzee Mwero angelikuwapo! Tumesamehewa, naamini hivyo, ila kusamehewa hakukumrudisha yeye.

Wewe uliyekaa na aibu au na ugonjwa wako, njoo kwa Yesu, hatakupokea kwa mbali. Na wewe uliye na mtu wa kumwomba radhi naye angali hai, usinisubiri nimalize. Inuka sasa, uende kwake. Ibada tutaisimamisha, tukungoje.