Winifrida na Uzi Mwekundu wa Matango

Wasikilizaji wapendwa, za asubuhi, nanyi mlio shambani na redio mmeitundika kwenye mpini wa jembe. Leo umetimia mwaka mmoja tangu Winifrida atutoke. Winifrida wa Mazwi, mama yake Salome, mke wa Mzee Zenon fundi baiskeli. Wengi mlimwita Mama Matango.

Matango yake yalikuwa mafupi, manene, yenye michirizi myeupe na vijiba vinavyochoma kidole. Mbegu alipewa na mama yake kule Mwimbi, walikoyapanda pembeni mwa ntumba, yale matuta yetu ya majani yaliyofukiwa. Ukungu wa Ufipa hauyafanyi kitu. Na tango hakuwa mchoyo nalo. Ukipita kwake, unapewa. Lakini mbegu? Hiyo sahau. Aliyachuma machanga, mbegu hazijakomaa, ule tu usipande. Mimi ninayesema nanyi nilikausha mbegu za matango yake matano. Haikuota hata moja.

Kisa? Wivu. Tusimpambe marehemu, mwenyewe asingependa. Winifrida alikuwa na wivu, na wivu wake ulikuwa na jina: Hellena, jirani wa ng'ambo ya uzio.

Hellena alihamia hapo mwaka 2011, mjane mwenye kijana wake Urbano. Akapanda matango ya dukani, yale marefu, laini, ya kijani iliyokolea. Siku moja Mzee Zenon akaenda kumtengenezea baiskeli. Akakatiwa tango, likatiwa chumvi. Akarudi nyumbani na maneno ambayo anayajutia mpaka leo: "Mke wangu, tango la Mama Urbano ni tamu, asikwambie mtu."

Miaka thelathini ya ndoa, wasikilizaji! Miaka thelathini alikula matango ya Winifrida, na hakuwahi kuyasifu hata siku moja.

"Mama alikwenda kuosha vyombo," anasema binti yake, Salome. "Aliosha sufuria ile ile mara tatu."

Wiki iliyofuata Winifrida akapanda basi hadi Namanyere, wakati maduka ya pembejeo yako hapa hapa Sumbawanga. Hakutaka aonekane. Akanunua mbegu kama za Hellena, akazipanda nyuma ya jiko. Majani yakashikwa na ukungu mweupe, kama yamemwagiwa unga. Akahangaika nayo mpaka yakazaa. Akamkatia mumewe, akasimama kumtazama. Mzee akatafuna, akauliza, "Mama Urbano ameleta?"

Mashina yote aliyang'oa siku hiyo hiyo.

Akarudi kwenye mbegu ya mama yake. Hapo ndipo bwana shamba alipomweleza kwamba nyuki wakitoka kwenye maua ya aina moja kwenda aina nyingine, tango unalochuma halibadiliki, ila mbegu zake zinachanganyika. Winifrida akashika kiuno. "Yaani hata nyuki wanatoka kwa Hellena kuja kwangu?"

Tangu hapo, maua aliyoyatenga kwa ajili ya mbegu akawa anayafunga. Jioni, kabla ua halijafunguka, analizungushia uzi mwekundu wa kufumia. Asubuhi analifungua, analipaka unga wa ua dume la shamba lake mwenyewe, anafunga tena. Uzi anauacha kwenye kikonyo uwe alama. Na shina likitambaa juu ya uzio kwenda kwa Hellena, analirudisha kwa mkono. Kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi.

"Tulisali jumuiya moja," anasema Hellena. "Nikiugua, uji wa kwanza unatoka kwake. Lakini jani lake likivuka kuja kwangu, analikimbilia kama mtoto anayekwenda barabarani."

Kisha moyo ukamsumbua, akalazwa wiki sita. Aliporudi alikuta panya wametoboa kibuyu cha mbegu. Zilibaki nne. Mbegu nne za mama yake, wasikilizaji, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa nazo. Alikuwa amehakikisha mwenyewe.

Mwezi wa kumi na moja akazipanda. Zikaota mbili, moja ikakatwa na mdudu. Shina lililobaki likatambaa likapanda uzio. Jioni moja Salome akamshika mama yake mkono mpaka bustanini, mama akafunga ua moja, lile la juu kabisa. Siku chache baadaye shina likavuka. Salome akataka kulirudisha.

"Liache," mama akasema. "Wewe unaishi chumba cha kupanga. Na baba yako hata baiskeli yake mwenyewe ina kutu. Nani atapanda?" Akaligusa jani lililovuka. "Mwambie Hellena mbegu ni zake. Tena agawe. Ila baba yako akienda kula huko, akate mwenyewe."

Winifrida alifariki tarehe kumi na tisa, mwezi wa pili.

"Siku ya kuanua matanga niliinua macho," anasema Hellena. "Tango limekuwa la manjano, linaning'inia upande wangu, na uzi mwekundu kwenye kikonyo. Nilikaa chini nikalia. Alikuwa na wivu na mimi, nilijua. Na mimi nilikuwa na wivu na mbegu yake, hilo hakulijua."

Sasa nyumba saba za Mazwi zina mbegu ya Winifrida. Kwa Mzee Zenon, kwa Salome na ukoo mzima, tunaendelea kuwapa pole. Na wewe unayesikiliza, jiulize leo ni kitu gani chema umekibana mpaka kimebaki mikononi mwako peke yako, na ni nani umemsifia cha jirani ukasahau chake.

Wiki iliyopita nilimkuta Mzee Zenon uani kwa Hellena. Hellena alimwekea tango zima na kisu juu ya meza, akasogea mbali. Mzee akakata mwenyewe, vipande vimepinda. Akatafuna polepole mpaka akamaliza. Nikamuuliza, ni tamu, mzee?

"La mke wangu," akasema. "Asikwambie mtu."